Uzi: Usafi wa njia ya hewa kabla ya kufunga supachaja, kuanzia filta hadi mgongoni mwa valvu

#1 · Kokabolti

Wakuu, anayejiandaa kufunga supachaja (pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini, inayozungushwa na mkanda) kwa kawaida huulizia saizi ya puli, urefu wa mkanda na programu ya kompyuta ya injini. Njia ya hewa yenyewe hupitishwa tambara mara moja na kufungwa. Hapo ndipo injini nyingi zinapoharibikia. Uzi huu ni wa kazi hiyo moja tu.

Injini inayovuta hewa yenyewe inavumilia mengi: utando wa oili ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda), masizi kwenye throto bodi (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), gasketi inayovuja kidogo. Ukiisukumia hewa, hata bar 0.4 tu, uvumilivu huo unakwisha. Oili iliyotuama kwenye manifoldi inabebwa hadi ndani ya silinda na kushusha okteni ya mchanganyiko. Tangi lina petroli ya 95, lakini kinachoungua juu ya pistoni kina uwezo mdogo zaidi wa kuhimili presha, na injini inagonga (mchanganyiko unajilipukia wenyewe) pale ambapo programu ilihesabu kwamba pako salama. Chembe ngumu iliyobaki kabla ya supachaja nayo inapita kati ya rota (vyuma vinavyozunguka ndani ya supachaja) ambazo nafasi kati yake ni sehemu ndogo tu ya milimita.

Injini iwe imepoa kabisa. Toa waya wa hasi wa betri baada ya kushusha presha ya mafuta: chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini iungurume hadi ijizimie. Kama manifoldi inapitisha maji, mwaga kulanti hadi ishuke chini ya usawa wake, la sivyo yatamwagikia matundu ya hewa mara tu utakapoinyanyua.

Kabla hujalegeza bolti hata moja, safisha nje. Mchanga na majani hujikusanya kwenye bonde kati ya manifoldi na silinda hedi, hasa injini za V, na manifoldi ikinyanyuliwa vyote vinaelekea ndani. Puliza kwa kompresa, sugua kwa brashi ya nailoni, kisha vuta kwa mashine ya kuvuta vumbi. Ukiishia kwenye kupuliza, uchafu umehama tu upande.

Bolti za manifoldi legeza kwa awamu kuanzia za pembeni kuja katikati. Ikishatoka, ziba kila tundu la silinda hedi papo hapo kwa tambara lisilotoa nyuzi, kisha tepu juu. Hesabu matambara na uandike idadi kwenye tepu. Tambara lililosahaulika tunduni halitaonekana tena ukishafunga.

Kukwangua gasketi ya zamani: tumia kikwanguo cha plastiki na dawa ya kulainisha gasketi. Zile diski za kusugulia zinazofungwa kwenye grainda ndogo ziacheni kabisa. General Motors walishatoa taarifa ya kiufundi kuonya mafundi juu yake, kwa sababu chembe za oksaidi ya aluminiamu zinazomeguka kwenye diski zinaingia kwenye oili na kula beringi za krenkishafti. Juu ya hapo zinachimba uso wa aluminiamu, na uso usionyooka hauwezi kuzuia msukumo wa hewa.

#2 · Puli Ndogo

Asante mkuu. Manifoldi ya aluminiamu iliyoganda kaboni ya EGR (mfumo unaorudisha moshi kwenye njia ya hewa), je, inafaa kuilowesha kwenye kostiki soda? Nimeona watu wakiitumia kwa vyuma vya injini.

#3 · Kokabolti

Hapana. Kostiki soda ni nzuri kwa chuma, kwa aluminiamu ni sumu. Inaila, inatoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka, na inaacha uso mweusi wenye vishimo. Soma pia lebo za dawa za kusafishia oveni, nyingi zina kostiki hiyo hiyo.

Kwa aluminiamu tumia dawa ya kuondoa grisi iliyoandikwa kwamba ni salama kwa aluminiamu, maji ya moto, na brashi ndefu za chupa za vipenyo tofauti. Kaboni ngumu ya EGR loweka usiku kucha, kesho yake kwangua kwa kijiti cha mbao au plastiki. Toa kwanza sensa zote, vali zinazoendeshwa na mvuto wa hewa, oringi na chochote cha mpira.

Manifoldi ya plastiki, zile za nailoni, inataka upole zaidi: maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, basi. Dawa kali za kabureta zinaweza kudhoofisha plastiki na kuvimbisha gasketi zilizopachikwa kwenye mifereji yake. Ikague kwenye maungio, maana nyingi ni vipande viwili au zaidi vilivyounganishwa kwa joto. Ufa wa unywele ambao ulikuwa unavuta hewa kidogo utafunguka ukisukumwa kutoka ndani. Na kama seti yako ya supachaja inasukuma zaidi ya kiwango ambacho mtengenezaji wa seti ameruhusu kwa manifoldi ya plastiki, suala si usafi tena, tafuta manifoldi nyingine.

Ukaushaji usiharakishwe. Igeuze geuze, puliza kila njia, iache wazi hadi kesho. Maji hayashindiliki. Yakikaa kwenye kona ya manifoldi na kuingia silindani kwa pamoja, kinachopinda ni koni rodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti).

#4 · Sensa Moja

Niongezee sensa ya MAF (kipima hewa inayoingia injini), kwa sababu ndiyo sehemu ndogo kuliko zote na gharama ya kuikosea ni kubwa kuliko zote.

Waya wake wa moto unapima hewa kwa kupozwa nayo. Vumbi na oili vikiufunika, unapoa taratibu, na kompyuta inadhani hewa iliyoingia ni kidogo kuliko ilivyo. Inamwaga mafuta pungufu. Kwenye injini ya kawaida utaona gari zito na taa ya injini. Kwenye msukumo, upungufu huo huo unapandisha joto la mwako, unaleta kugonga, na pistoni inapasuka kwenye kingo za ringi.

Tumia dawa iliyotengenezwa kwa MAF pekee, inayokauka bila kuacha utando. Dawa ya kabureta na ya breki hapana. Ifungue kutoka kwenye bomba, ishike kwa mwili wake, pulizia mara 10 hadi 15 ukilenga waya na kile kipima joto cha pembeni, bila kugusa kwa brashi, pamba wala kidole. Usiipulize kwa kompresa, waya ni mwembamba mno. Iache ikauke yenyewe kabisa ndipo uifunge na kuipa umeme, maana dawa nyingi hizi zinashika moto.

Jambo jingine linaloendana na hili: filta za pamba zinazopakwa oili. Oili ikizidi inatoka na hewa na kutua kwenye MAF, na supachaja inavuta hewa nyingi kuliko injini ilivyozoea, kwa hiyo inaing'oa oili hiyo kwa urahisi zaidi. Filta ikishaoshwa, suuza kwa maji ya presha ndogo kutoka upande safi kwenda upande mchafu, iache ikauke kivulini, paka oili kidogo kwenye kila mkunjo, subiri dakika 20 hivi ienee, kisha futa iliyozidi. Kwa gari la vumbi jingi, binafsi nashauri filta kavu ya karatasi yenye eneo kubwa.

#5 · Valvu Kumi na Sita

Kwenye valvu inabidi tutofautishe injini mbili, maana watu wanapoteza siku nzima kusafisha palipo safi.

Kama nozeli zinapuliza petroli ndani ya njia ya manifoldi, petroli yenyewe inaosha mgongo wa valvu kila mara. Ukichungulia kwa tochi ukaona rangi ya kahawia nyepesi na kingo za valvu zinaonekana, ziache. Kama nozeli zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, hakuna kinachoosha, na mvuke wa oili kutoka PCV (valvu ya kutolea mvuke ulio chini ya pistoni) unakauka juu ya shina la valvu hadi kuwa kama makaa. Hizo lazima zisafishwe kabla ya supachaja.

Njia bora ni kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa, kwa presha ya bar 5 hadi 7, kupitia adapta inayokaa vizuri kwenye tundu huku mashine ya kuvuta ikinyonya upande wa pili. Maganda hayo yanaondoa kaboni bila kukwaruza chuma. Sharti moja lisilovunjwa: valvu za silinda hiyo ziwe zimefungwa. Zungusha krenkishafti kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya puli, hadi shina lipande juu kabisa, hakikisha kwa tochi, ndipo upulize. Ukimaliza silinda hiyo vuta mabaki yote, puliza hewa safi, vuta tena, ziba, hamia nyingine.

Usitumie mchanga wala shanga za kioo. Punje moja ikikwama kwenye kiti cha valvu au kuingia silindani, inachora ukuta wa silinda.

Asiye na mashine anaweza kujaza tundu kwa dawa ya kuyeyusha kaboni, valvu zikiwa zimefungwa, aache kwa nusu saa, asugue kwa brashi ya nailoni, anyonye, arudie. Inachukua muda mrefu na kona za nyuma hubaki, ila inafanya kazi.

#6 · Puli Ndogo

Je, ile dawa ya kupulizia injini ikiwa inaunguruma haitoshi? Nifunge supachaja kwanza, halafu niwe napulizia kwenye mdomo wake kila nikibadilisha oili?

#7 · Valvu Kumi na Sita

Kwenye mdomo wa supachaja usipulizie dawa yoyote ya kuyeyusha. Rota za supachaja za Eaton na nyingine nyingi zimepakwa utando maalumu unaopunguza nafasi kati yake na ukuta. Dawa kali inaulainisha na kuubandua, vipande vinaingia injini, na supachaja inapoteza msukumo moja kwa moja kwa sababu hewa inarudi nyuma kupitia nafasi iliyoongezeka. Ukiwa na intakula (kipozea hewa iliyosukumwa), dawa inatuama chini yake, halafu siku ukikanyaga mafuta inapanda yote kwa mkupuo. Pia, kaboni iliyoiva haiondoki kwa ukungu wa dawa, labda ile laini ya juu tu.

#8 · Spana ya Toki

Naongezea throto bodi, kwa kifupi. Kwenye supachaja nyingi za rota, aina ya Roots na skrubu, throto hukaa kabla ya supachaja, kwa hiyo mabaki yake yote yanapita kwenye rota. Kwenye supachaja za feni, zile za sentrifugali, mara nyingi hukaa baada yake na inapokea msukumo, kwa hiyo gasketi yake lazima iwe mpya.

Itoe garini, isafishe mezani. Pulizia dawa kwenye kitambaa, futa bamba na ukuta wake. Usiimwagie dawa shafti, itapenya hadi kwenye mota. Throto ya umeme usilisukume bamba kwa kidole huku plagi ya waya ikiwa imechomekwa, na hata ikiwa imechomolewa lisukume taratibu mno, gia zake ni za plastiki. Baadhi ya bamba zina utando mweusi wa kiwandani pembeni unaoziba hewa. Huo si uchafu, usiukwangue.

Baada ya kufunga, injini inaweza kuunguruma juu kupita kawaida kwa sababu kompyuta ilishajifunza kufidia uchafu uliokuwepo. Fanya utaratibu wa kuifundisha upya uliomo kwenye kitabu cha gari husika.

#9 · Intakula

Sijaona mtu akigusa supachaja iliyotumika, na wengi wanafunga hizo: Eaton M45 kutoka Mini Cooper S, M62 kutoka Mercedes Kompressor, M90 kutoka injini za Buick 3800.

Iweke mezani, zungusha puli kwa mkono. Inatakiwa izunguke laini bila mkwaruzo na bila kuchezacheza. Angalia rota kwa tochi: mistari hafifu ya kuchakaa kwa utando ni kawaida, lakini mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha au alama za rota kugusana ni dalili ya beringi au gia za mpangilio wa rota zilizochakaa. Hiyo haitibiwi kwa kusafisha.

Usiitumbukize kwenye beseni la dawa. Beringi za nyuma zina grisi yake na sili zina mdomo wa mpira, dawa ikipenya grisi inayeyuka. Futa rota na ukuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholowa alkoholi ya isopropili, ukizungusha puli kidogo kidogo. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa, beringi zikikimbizwa bila mzigo zinaumia. Kisha nyonya oili ya pua ya mbele (sehemu iliyo nyuma ya puli) kwa bomba la sindano na uweke mpya iliyotengenezwa kwa supachaja, kwa ujazo wa mfano huo. Oili ya injini si mbadala. Supachaja za sentrifugali za Vortech za zamani zinazopokea oili ya injini ni habari nyingine, hizo safisha bomba la kuleta na la kurudisha oili, na kama umetoboa sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa ajili ya marejeo, mwaga oili yote ubadilishe na filta yake.

Feni ya sentrifugali usiisugue kwa brashi ya waya. Inazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, mkwaruzo mdogo unavuruga uwiano wake.

Valvu ya baipasi (inayorudisha hewa mdomoni mwa supachaja usipokanyaga mafuta) isisahaulike. Ikijaa masizi inakwama wazi na msukumo haupandi, au inakwama imefungwa na hewa inapata moto hata ukiendesha taratibu. Isafishe mhimili wake, kisha vuta kiwambo kwa pampu ndogo ya mkono. Kishikilie mvuto bila kushuka.

Na intakula: kama imetoka kwenye gari ambalo tabo (turbo) yake ilivunjika, usiifunge. Vipande vya chuma vinajificha kwenye mapezi ya ndani na hakuna uoshaji unaoweza kuthibitisha kwamba vimekwisha. Iliyo na oili tu inaosheka: jaza dawa ya kuondoa grisi, tikisa, mwaga, rudia hadi kinachotoka kiwe cheupe, suuza, kausha. Mabomba mapya yaliyokatwa au kuchomelewa pitisha kitambaa ndani kwa fimbo, mara mbili. Vumbi la grainda na tone la kuchomelea ndivyo vinavyoua supachaja mpya.

#10 · Sensa Moja

Jambo la usalama kuhusu dawa: dawa za breki zenye klorini zisikaribie joto wala kuchomelea. Zikiungua zinatoa fosjini, gesi ya sumu kali. Chagua zisizo na klorini. Silikoni ya kuzibia nayo iwe ile iliyoandikwa kwamba ni salama kwa sensa, la sivyo mvuke wake unaharibu sensa ya oksijeni.

#11 · Gasketi Mpya

Mmesafisha oili, sasa ziba chanzo chake, la sivyo baada ya wiki chache iko pale pale. PCV ya kawaida inavuta mvuke wa oili hadi kwenye manifoldi. Manifoldi ikipata msukumo, hewa inataka kurudi kupitia hiyo hiyo hadi chini ya pistoni, inapandisha presha kwenye sampu na kusukuma sili nje. Weka valvu ya njia moja iliyo imara kati ya PCV na manifoldi, na kopo la kunasa oili lenye vizuizi ndani, si kopo tupu. Bomba la pili la kupumua kutoka kifuniko cha valvu lirudi kati ya MAF na supachaja. Ukiliacha wazi angani kwenye gari la MAF, injini inavuta hewa isiyopimwa.

#12 · Spana ya Toki

Kufunga: nyuso zifutwe kwa alkoholi mara ya mwisho, gasketi na oringi zote mpya, oringi za nozeli zipakwe oili kidogo safi zisikatike. Hesabu matambara yanapotoka. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu. Manifoldi ya plastiki ya injini za LS za General Motors, kwa mfano, ni 5 Nm mzunguko wa kwanza na 10 Nm wa pili. Hiyo ni ndogo kuliko mkono unavyodhani, ndiyo maana spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) ni lazima. Seti ya supachaja ina namba zake, fuata hizo.

Kabla ya kuwasha toa plagi zote, zima mafuta na umeme wa kuwashia, piga stata sekunde 5 mara chache. Kioevu kilichobaki kitatokea kwenye matundu ya plagi badala ya kupinda koni rodi.

#13 · Puli Ndogo

Nitajuaje kwamba hakuna panapovuja kabla ya kuingia barabarani?

#14 · Kokabolti

Ziba mdomo wa bomba kwa kifuniko chenye vali ya tairi, ingiza hewa taratibu kupitia regyuleta hadi bar 0.3 au 0.5, usizidi. Fungua kifuniko cha oili, maana kuna valvu za silinda zilizo wazi na hewa itapita ringi kwenda kwenye sampu. Mlio huo laini ni wa kawaida. Unachotafuta ni mlio wa nje: maungio ya mabomba, gasketi ya throto, oringi za nozeli, mipira midogo ya mvuto. Nyunyiza maji ya sabuni, povu litakuonyesha. Mwenye mashine ya moshi aitumie, inaona hata panaposhindwa povu.

Baada ya kuwasha unganisha skana uangalie marekebisho ya mafuta (asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta) yakishatulia. Yakiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini, vizuri. Yakivuka +10 injini ikiunguruma bila kukanyagwa na kushuka mizunguko ikiongezeka, kuna hewa inaingia baada ya MAF. Yakipanda kadiri mzigo unavyoongezeka, rudi kwenye MAF au pampu ya mafuta, na usiguse msukumo hadi upate jibu. Yakiwa sawa chini lakini mchanganyiko unajaa mafuta mara msukumo unapoingia, hewa iliyopimwa inatoroka baada ya supachaja.

#15 · Intakula

Baada ya kilomita 500 hivi, toa bomba linaloingia supachaja na upitishe kitambaa cheupe ndani. Kikitoka na vumbi kavu, filta haijakaa vizuri kwenye boksi, tafuta alama ya njia ya vumbi kwenye mpira wake. Kikitoka na oili, mwaga kopo la kunasa na ukague valvu ya njia moja. Pima tena bolti za manifoldi kwa toki, injini ikiwa baridi.